Kitu Kisicho na Kazi

Fundi Maftaha wa Kilwa Masoko alijijua kuwa ni mume mwema, na hilo alikuwa tayari kumwambia yeyote aliyesimama karibu na kibanda chake cha uhunzi muda wa kutosha. Halewi, hapigi, hana mke wa pili, na kila ilipofika siku ya furaha alimpa mkewe zawadi aliyoifua kwa mikono yake mwenyewe. Walipooana alimfulia kisu. Alipojifungua Warda, mtoto wao wa kwanza, alimfulia jembe. Alipojifungua wa pili alimfulia jembe jingine, dogo, la palizi, maana mzazi hafai kuhangaishwa na jembe zito. Alipopona homa ya matumbo iliyomlaza hospitali, alimkaribisha nyumbani kwa shoka. Lilikuwa shoka zuri, tusimwonee mtu. Biasha alilipokea akiwa bado kitandani, akalitazama, akageukia ukutani, na Maftaha akadhani homa imerudi.

Mambo yaliharibika siku ya Idd. Jirani yao Hamida alikuja kutembea akiwa amevaa doti mpya ya khanga na kunukia manukato mpaka kuku wakapisha njia. Vyote alipewa na mumewe, mtu ambaye mwaka mzima hajulikani anafanya nini. Wageni wengine nao walikuwa na lao la kuonyesha, huyu viatu, yule bangili. Maftaha hakutaka mkewe aonekane mnyonge mbele za watu. Akaingia ndani, akatoka na mzigo uliofungwa kwa gazeti, akamkabidhi Biasha mbele ya wote. Biasha akafungua. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, mpya kabisa, yenye meno madogo madogo yaliyochongwa kwa subira ya ajabu.

"Ile ya zamani imekuwa butu," Maftaha aliwaeleza wageni kwa majivuno. "Hii, mwenzio akikuna nazi moja wewe umeshamaliza mbili. Unaanza nyingine."

Biasha akasema asante. Akaketi juu ya mbuzi ile, akakuna nazi, akapika wali na mchuzi wa pweza, akalisha wageni, akaosha vyombo, akavifunika, akavaa baibui, akachukua mkoba. Maftaha alikuwa barazani akichokonoa meno.

"Unakwenda wapi, Mama Warda?"

"Kwetu."

"Utarudi saa ngapi?"

Biasha alimtazama kidogo, akashika njia ya stendi. Kwao ni Kinjumbi, kaskazini huko, na mtu haendi Kinjumbi akarudi kupika chakula cha jioni. Maftaha alilitambua hilo jioni yenyewe, njaa ilipomuuma.

Kesho yake ndipo alipoelewa ukubwa wa msiba. Alifungua kibanda, akapanga makaa, akawasha, akashika koleo, akasema "Haya," na hakuna kilichotokea. Kazi ya kuzungusha feni ya kupulizia moto ilikuwa ya Biasha. Miaka yote hiyo alikaa kwenye kigoda chake pembeni, mkono mmoja kwenye mpini wa feni, akizungusha, akiutukana moshi, akimsimulia mumewe habari za mji. Mpini wenyewe ulikuwa mpya, wa chuma laini usiochubua kiganja. Ilikuwa zawadi ya Idd ya mwaka uliopita.

Maftaha alikaa kwenye kile kigoda akatazama makaa yakifa. Alimkumbuka mkewe. Nyumba ilikuwa kimya, maana watoto walishakua wakaenda kwao, kibanda kilikuwa kimya, na hata moshi, kwa kukosa mtu wa kuutukana, ulikwenda zake moja kwa moja juu.

Simu ikaja kutoka kwa mzee Saad, mjomba wake Biasha, ambaye ndiye msemaji wa ukoo ule kwa mambo makubwa. Baada ya salamu ndefu za kuulizana hali ya kila mtu mpaka mifugo, mzee akafika kwenye hoja.

"Mkeo yuko hapa. Mzima, anakula, analala. Amesema atarudi siku utakayomletea zawadi isiyo na kazi."

"Isiyo na kazi kivipi, mjomba?"

"Ndivyo alivyosema. Isikate, isilime, isikune, isipakue. Akiitazama asikumbuke kazi yoyote."

Maftaha akafikiri. "Kama nini, mjomba?"

"Sasa hapo, mwanangu, ningejua mimi si ningeshampa shangazi yako." Mzee akakohoa. "Na utaileta mbele ya mtani, kama desturi. Mtani akiiona ina kazi yoyote, hata ndogo, unarudi nayo na mke anabaki."

Desturi yenyewe ni hii. Katika ukoo wa Biasha zawadi ya suluhu haipokelewi mpaka mtani aishike, aigeuze, aitukane na aitafutie kasoro, na mwenye zawadi haruhusiwi kukasirika. Mtani wa ukoo ule alikuwa Klementi, Mmwera kutoka Rondo, aliyehamia Masoko akifanya biashara ya vyuma chakavu. Yaani huyo huyo aliyekuwa akimuuzia Maftaha chuma ndiye atakayekuja kukihukumu. Maftaha naye ni Mmatumbi, kabila linalotaniana na Wamwera, kwa hiyo alikuwa halali ya Klementi kwa upande wa pili pia.

Klementi alifika kibandani akisukuma mkokoteni wake, akaukuta moto umezimika na fundi amekaa kigodani, mikono juu ya magoti.

"Pole, Mmatumbi," akasema. "Nimesikia umefiwa na mke aliye hai. Kama ni mtu wa kuzungusha feni, nitakutafutia mota. Nina moja ya mashine ya kusaga, inanguruma kidogo tu."

"Sitaki mota. Namtaka Biasha."

"Mwenyewe, au mkono wake wa kulia?"

Ni utani, na mtani hana deni la heshima, lakini lile neno lilimchoma Maftaha mahali na likabaki humo. Akanyanyuka, akamfukuza Klementi pamoja na mkokoteni wake, kisha akamwita arudi, maana alihitaji chuma.

Kwanza alitengeneza kitu cha kupuliza moto. Alichukua baiskeli mbovu, akainua gurudumu la nyuma, akafunga mkanda wa mpira kutoka gurudumu mpaka feni, akapanda. Alipopiga pedali moto ulinguruma vizuri sana. Chuma kikawa chekundu. Akashuka baiskeli, akakimbilia koleo, akatoa chuma, akakiweka juu ya fuawe, ambalo ni kipande cha reli kuukuu, akainua nyundo, na chuma kikawa cheusi. Akakirudisha motoni, akapanda baiskeli. Watu waliopita walimwona mzee mzima akipiga pedali bila kwenda popote, kisha akiruka chini kama aliyeumwa na siafu, akigonga mara mbili, akilaani, akipanda tena. Habari zikaenea mjini kwamba huzuni imempanda Maftaha kichwani.

Zawadi ya kwanza ilikuwa ua. Aliona ua halina kazi. Alifua petali moja kubwa ya mviringo, akaizamisha katikati kidogo ipate umbo, akaunganisha na kikonyo kirefu. Hamida alikuja kuomba moto, akalishika lile ua, akalipima mkononi.

"Upawa mzuri," akasema. "Wa uji au wa mchuzi?"

Maftaha akalitazama ua lake. Lilikuwa upawa, tena upawa bora kuliko pawa zote alizowahi kufua. Hamida akaondoka nalo.

Akajaribu samaki. Alimfua changu mnene, akampa mapezi ya kupendeza, akamchora magamba kwa patasi ubavuni kote. Hamida alimpitisha yule samaki wa chuma juu ya samaki wake wa kweli, magamba yakaruka hadi ukutani, na akasema hajawahi kupata kifaa cha kuparia samaki kinachokaa mkononi vizuri vile. Akajaribu pweza, mikono yote iliyopinda kwa madaha. Hakumaliza kumpoza majini kabla Hamida hajamtundika dirishani na kumwangikia vikombe.

Tatizo lilikuwa mikono ya Maftaha. Tangu ujana mikono ile ilikuwa imefua vitu vya watu wenye haraka: nanga, visu, bawaba, majembe. Ukiipa chuma ilikuwa haiulizi umetaka nini, ilikuwa inauliza nani anasubiri. Aliweza kuiambia leo tunafua urembo, nayo ikakubali kabisa, na mpaka jioni imeshamtolea kifungulio cha soda.

Akaacha nyundo, akaenda kuzunguka mji kutafuta kitu kisicho na kazi ili apate mfano wa kuigiza. Hakufikiria kama ni jambo gumu vile. Mawe yalishika milango. Paka walikamata panya. Mbuzi wa watu, wa kweli, walikula takataka. Kwa muda alimfikiria mume wa Hamida, akaona hana chuma cha kutosha kumfua.

Alipochoka alisimama nyuma ya bomba la maji la mtaani, palipo na dimbwi ambalo halikauki mwaka mzima. Juu ya jani moja la unyasi alikuwepo kereng'ende mwekundu. Hakuwa akila, hakuwa akikimbizana na wenzake. Alikuwa amekaa tu, jani likitikisika kwa upepo naye akitikisika pamoja nalo. Na Maftaha akakumbuka jambo ambalo hakujua kama analo kichwani.

Zamani, Warda akiwa bado mgongoni, walikuwa bondeni kwenye palizi ya mpunga. Biasha aliacha kulima. Aliegemea mpini wa jembe, lile jembe la zawadi, akawa anamtazama kereng'ende aliyetua kwenye suke la mpunga. Alitabasamu peke yake. Na yeye Maftaha, mume mwema, alisema nini? Alisema, "Jua hilo linapanda, Mama Warda." Biasha akainama tena.

Aliona haya, palepale nyuma ya bomba, mbele ya akina mama na ndoo zao, haya ya kutaka kujifunika uso. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Klementi.

Alichagua chuma mwenyewe, kwa muda mrefu, mpaka Klementi akamuuliza kama anaposa. Alichukua springi ya shokomzoba la bodaboda, cheni ya pikipiki iliyokatika, spoki za baiskeli, kipande cha bati la pipa, na gololi ndogo za beringi kwa ajili ya macho. Springi aliinyoosha motoni, akaifua nyembamba, akaifua tena nyembamba zaidi, hadi ikawa kama unyasi. Ya kwanza aliipoza majini kwa pupa, ikavunjika mkononi. Ya pili aliipoza, akairudisha juu ya makaa taratibu, akingoja rangi ya buluu itembee kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili, akiwa juu ya baiskeli anapiga pedali polepole kama mtu anayemsindikiza mgeni. Ikatoka hai. Ukiigusa tu ilitikisika, na haikuacha.

Mwili aliufua kwa cheni, akaichoma na kuipondaponda mpaka viungo vyake vikashikana lakini bado vikaonekana. Mabawa aliyawekea fremu za spoki na bati alilolifua mpaka likawa jembamba kama karatasi. Mdudu alimpachika juu ya ule unyasi wa springi, kisha kitu kizima akakisimamisha juu ya miguu mitatu myembamba iliyotanuka, isiyoweza kubeba hata sufuria ya chai. Alihakikisha. Alijaribu kwa sufuria ya chai, ikaanguka, akafurahi mno. Mkia aliumalizia mwisho kabisa. Alitaka uwe mnyoofu, lakini mkono ukaupinda kidogo kwenye ncha, akaona umependeza, akauacha.

Hamida alikuja, akakishika, akakigeuza, akakirudisha mezani.

"Hiki ni nini?"

"Kereng'ende."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu."

Hamida alimtazama kwa huruma, akaenda kwake kutoa taarifa kwamba hali ya jirani imezidi.

Maftaha akashika safari ya Kinjumbi. Ndani ya basi alimshika kereng'ende mapajani, na kila barabara ilipokuwa na shimo mabawa yalitetemeka na abiria wakageuka. Mmoja aliuliza antena hiyo inashika stesheni gani. Mwingine akasema hizo ndizo za kisasa, zinashika mpaka za Msumbiji. Alipopanda bodaboda ya mwisho, dereva naye akasema, "Mzee, antena yako ishike vizuri." Maftaha akamfunga mdudu kwa khanga. Antena ni kazi. Kama huyu mdudu anashika stesheni, yeye mke hana. Nyuma yake, juu ya bodaboda nyingine, Klementi alikuja akitafuna maandazi ambayo Maftaha alikuwa amejifungashia mwenyewe. Mtani akisafiri kwa shughuli hula cha mwenye shida, na Klementi alikuwa mtu wa kuheshimu mila.

Kikao kilikaa baada ya sala ya alasiri, uani kwa mama yake Biasha, Bi Mastura. Mkeka ulitandikwa. Mzee Saad alikaa katikati, Klementi kando yake, Bi Mastura kwenye kizingiti cha jiko, na nyuma yake, akimenya mihogo bila kuinua macho, alikuwepo Biasha. Alikuwa amenenepa kidogo. Maftaha alimwona akasahau salamu alizokuwa amezipanga njia nzima.

"Shikamoo, mama," akasema hatimaye, macho chini, maana mkwe hatazamwi.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Amekondeana kwa baiskeli," Klementi akaeleza. "Amesafiri mwezi huu kuliko basi, na hajatoka kibandani."

Maftaha akafungua khanga aliyomfungia kereng'ende, akamweka juu ya mkeka. Upepo mdogo ukapita. Kereng'ende akatetemeka. Kisu cha Biasha kikasimama, kisha kikaendelea.

Klementi alikunja mikono ya shati. Tuseme kweli, aliifanya kazi yake kwa moyo. Kwanza aliomba redio ya mzee Saad, akaufunga waya wake kwenye bawa. Redio ikakoroma na kufa kabisa, hata ile stesheni ambayo huwa haikosi. "Si antena," akatangaza, na Maftaha akapumua. Akavua kofia yake akaitundika juu ya mdudu. Unyasi wa chuma ukapinda mpaka chini, ukasita, ukarudi juu kwa nguvu, na kofia ikaruka ikatua kwenye banda la kuku. "Si kiango." Akajaribu kujikunia mgongo, akachomwa na kupiga yowe. Akajaribu kumtumia kama mshikaki, kama mizani, kama kinara, kama kitisho cha kunguru. Kunguru mmoja akaja akatua ukutani, akamtazama kereng'ende kwa makini, akabaki.

"Mmatumbi," Klementi akasema akihema, "nimetafuta kazi ya mdudu huyu kuliko nilivyotafuta yangu. Sioni."

Mzee Saad akatikisa kichwa kwa heshima. Maftaha alihisi miguu yake inataka kucheza. Na ndipo Bi Mastura, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, akasikia sufuria ya mihogo iliyotangulia kubandikwa inafurika jikoni. Vidole vyake vilitafuta kitu cha kushikia mfuniko wa moto. Kereng'ende alikuwa karibu. Bi Mastura akamnyakua, akapitisha ile ncha ya mkia iliyopinda chini ya kishikio cha mfuniko, akauinua, akauweka kando. Haukuteleza wala haukumchoma.

"Alaa," akasema Bi Mastura akimtazama mdudu kwa mapenzi. "Hiki ndicho nilichokuwa nakikosa siku zote."

Ua mzima ukapoa. Klementi, ambaye angepaswa kushangilia, aliinamisha kichwa. Mzee Saad akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Biasha alikusanya maganda ya mihogo kwenye ungo, akasimama aingie ndani, na uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira Maftaha angejua la kufanya. Ulikuwa uso wa mtu aliyetarajia hivyo hivyo.

Maftaha hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpokonya mama mkwe wake kile kitu mkononi, jambo ambalo kwa desturi halina hata jina, akamlaza kereng'ende juu ya jiwe la kunolea visu, akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukuta, na akaupiga ule mkia. Ulikuwa chuma kizuri. Aliufua yeye, alijua uimara wake, na kila pigo lilimuuma kana kwamba anapiga kidole chake. Alipiga mpaka ukakatika. Kipande kile chenye ncha iliyopinda akakitupa juu ya paa la jirani.

"Mkono wangu ulifanya, Mama Warda," akasema akitweta. "Mimi sikutaka. Mkono haujui kingine. Utanisamehe, na nakupenda, na nyumba haina mtu."

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu, na hata faraghani rekodi zake si nzuri. Mzee Saad aliangalia angani. Maftaha akamsimamisha kereng'ende tena juu ya mkeka. Sasa alikuwa na nusu mkia na bawa moja limepinda kwa misukosuko, na uzito wake haukuwa sawa tena. Upepo ulipokuja hakutetemeka tu. Alizunguka, akainama, akanyanyuka, akasita kama anayefikiri, akazunguka upande wa pili.

Biasha akaweka ungo chini. Akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka, akaketi, akakunja miguu. Akamtazama kereng'ende. Upepo ulikoma, akasubiri. Upepo ukarudi, na tabasamu lile la bondeni likamtoka, na safari hii hakuna aliyemwambia habari za jua.

Klementi alijikongoja akasimama mbele ya watu, kidole juu, maana mtani haachi kazi katikati. "Jamani, mimi nimeona kazi yake. Inakalisha mtu. Hiyo ni kazi. Huyu mama nimemjua miaka mingi, sijawahi kumwona amekaa mchana bila kitu mkononi. Kitu kilichomkalisha Biasha hakiwezi kuitwa hakina kazi. Kwa hiyo Mmatumbi ameshindwa."

Wazee wakaanza kulijadili hilo kwa uzito. Mzee Saad alisema kukaa si kazi. Klementi akasema kukaa si kazi, lakini kukalisha ni kazi, waulize walimu.

"Klementi," akasema Biasha, "sogea. Unanikinga."

Klementi akasogea. Mzee Saad akamgeukia mpwa wake kwa sauti ya shughuli. "Sasa mwanangu, wewe mwenyewe unasemaje? Unarudi kwako?"

"Tutaondoka kesho, mjomba. Leo nimekaa."

Basi ikawa imekwisha. Maftaha alitaka kucheka na kulia, hakujua kipi kitangulie, akaamua kusimama tu. Harufu ya mihogo inayoanza kushika chini ya sufuria ikatambaa uani. Bi Mastura akaanza kunyanyuka kizingitini.

"Mama, na wewe kaa," Biasha akamwambia, bila kugeuka.

Bi Mastura akafikiri kidogo, akasogea, akakaa karibu na binti yake. Mzee Saad hakuwa mtu wa jikoni. Klementi alikuwa ameshalala chali kwenye mkeka akimtazama kereng'ende kwa chini, akisema kwamba kutoka huku anaonekana vizuri zaidi. Harufu ikazidi. Maftaha alitazama kushoto, akatazama kulia, akahesabu waliobaki wima, akajikuta ni yeye peke yake.

Mkwe haingii jiko la mama mkwe. Hilo linajulikana kutoka Kinjumbi mpaka Lindi. Mzee Saad alipomwona anavua viatu mlangoni alijifunika uso kwa kiganja, akaacha vidole viwili wazi ili aone. Ndani kulisikika mfuniko ukianguka, mtu akisema "Ah," maji yakimwagwa, na mwiko ukikwangua chini ya sufuria kwa nguvu za mtu aliyezoea kufua juu ya reli. Baadaye kukawa kimya, kimya cha mtu anayefungua makopo na kunusa.

"Mama Warda," sauti ya Maftaha ikatoka jikoni, ya unyonge kabisa. "Chumvi inakaa wapi?"

Upepo ulikuwa umeingia tena uani, na kereng'ende alikuwa ameanza kugeuka.

"Tafuta," akasema Biasha.

Maftaha akaanza kutafuta.